Kiwanja cha Shule, Nyimbo za Mashabiki na Feza ya Mlangoni

Mazungumzo ya redio juu ya amani, Likasi. Maneno haya yamechapwa kwa ajili ya familia zilizokimbia makwao na viongozi wa kartie.

Jambo kwenu wenyeji wa komini zetu nne, Likasi, Kikula, Panda na Shituru. Jambo kwa namna ya pekee kwenu jamaa mliokimbia makwenu, mliotoka upande wa Mitwaba, Pweto, Malemba-Nkulu na kwingineko, mkapokelewa katika nyumba za watu wa mji huu. Na ninyi mashefu wa kartie, maprefe wa shule na wakubwa wa komite za wazazi, maneno ya leo yanawagusa kuliko wengine, kwa hiyo msiende mbali na redio.

Leo tunasema juu ya mpira wa shule. Najua kuna atakayeguna: watu hawajala, watu hawajarudi kwao, na huyu anatuletea habari za mpira! Ngojeni kidogo. Siku shule mbili zinapocheza, watu mia kadhaa wanasimama kandokando ya kiwanja kimoja. Mwenyeji yupo, mgeni yupo, hakuna anayeuliza mwenzake ametoka kijiji gani. Hata kanisani hatukai hivyo, maana kila mtu ana kanisa lake. Basi pale kiwanjani watoto wetu wanajifunza jambo moja katika mawili: kusimama pamoja, au kutukanana pamoja. Na pale pale mlangoni kuna feza ndogo inayokusanywa. Tusiidharau. Feza ndogo isiyo na hesabu imevunja urafiki wa watu wengi kuliko feza kubwa.

Kwanza tujue mpira wetu umetoka wapi. Wengi wanafikiri timu kubwa za Congo zilizaliwa na matajiri. Si hivyo. Mwaka 1939, kule Lubumbashi, wakati ule ukiitwa Elisabethville, mapadri Wabenedikto waliokuwa wakiongoza shule ya Saint-Boniface waliunda timu ya wanafunzi wao. Waliiita Saint-Georges, mtakatifu msimamizi wa maskauti. Timu hiyo ya wanafunzi ndiyo leo tunayoiita Tout Puissant Mazembe. Kule Kinshasa vilevile: padri Raphaël de la Kethulle, ambaye watu walimwita Tata Raphaël, alianzisha mashule, na pamoja na mashule akaanzisha vyama vya michezo na kujenga viwanja. Uwanja mkubwa unaobeba jina lake ndio ule ambao Muhammad Ali alimpiga George Foreman mwaka 1974. Kwa hiyo mnapoona kiwanja cha shule chenye majani na mawe, msicheke. Mambo makubwa yalianzia mahali kama hapo.

Lakini shule peke yake haina feza, na hapa ndipo hadithi inapopinda. Timu ya Saint-Georges ikaja kuitwa Saint-Paul. Baadaye wamisionari waliiacha mikononi mwa wengine, ikachukuliwa na kampuni ya Ubelgiji iliyouza matairi, jina lake Englebert. Timu ikaitwa Englebert. Fikirini: watu wa Katanga waliimba jina la tairi la gari, wakalia kwa ajili yake, wakafurahi kwa ajili yake. Kwa jina hilo walichukua kombe la Afrika mara mbili, 1967 na 1968. Kampuni ilifanya kazi nzuri kwa timu, sisemi hapana. Lakini aliyetoa feza ndiye aliyetia jina, na jina likakaa mpaka siku za Zaire lilipobadilishwa kuwa Mazembe.

Na ndugu zao wa mji huohuo, Saint-Éloi Lupopo, nao wa mwaka 1939, walikuwa timu ya wafanyakazi wa reli. Sisi wa Likasi tulikuwa na kampuni yetu. Kwanza Union Minière, kisha baada ya 1967 Gécamines. Wazee mnakumbuka vizuri: kampuni ilitoa kazi, nyumba, unga, hospitali, shule, na kiwanja pia. Nani alijiuliza majani ya kiwanja yanakatwa na nani? Yalikuwa yanakatwa, basi. Timu zetu, ile ya Panda na nyingine, zilikua katika kivuli hicho.

Kivuli hicho kiliondoka ghafula. Katika miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwezi wa tisa 1990 mgodi wa Kamoto, kule Kolwezi, uliporomoka. Kufika mwaka 1994 kampuni haikutoa hata tani 50,000. Mishahara ikakauka. Viwanja vikaota majani, na mahali pengine katika nchi yetu viwanja vya shule vilianza kukatwa na kuuzwa parseli moja moja.

Nasema haya kwa sababu mtu mwenye njaa hutafuta wa kumlaumu. Mwezi wa nane 1992, siasa za Kinshasa zilipogeuka, mji wetu ulifanya jambo ambalo bado linatuuma. Majirani waliokuwa na asili ya Kasai, wengi wao wamezaliwa hapa Likasi, wamesoma hapa, wamecheza mpira hapa, walifukuzwa katika nyumba zao. Waliitwa bilulu, yaani wadudu. Walilala kwenye gare na katika majengo ya shule kwa miezi mingi wakingojea treni ya kuwapeleka Kasai, nchi ambayo watoto wao hawakuijua hata kwa macho. Wengi walikufa njiani au palepale gare. Mahali pa watoto kujifunza pakawa mahali pa watu kulala chini.

Tazameni sasa neno hilo, bilulu. Halikuanza na mapanga. Lilianza mdomoni. Watu walilisema wakicheka, wakaliimba, na kitu kinachoimbwa na watu wengi pamoja hakionekani tena kuwa kibaya. Ndiyo maana nasema nyimbo za mashabiki si mchezo. Vijana mia tatu wakiimba kwamba timu ile ni ya watu wa kuja, kesho yake mmoja wao atamwambia jirani hivyohivyo akiwa peke yake, tena bila kucheka.

Na ajabu ni kwamba sisi haohao tunajua kumpenda mgeni. Nani asiyemkumbuka Mbwana Samatta? Mtanzania, kijana wa Dar es Salaam, alikuja Mazembe mwaka 2011. Mwaka 2015, katika fainali ya kombe la mabingwa wa Afrika dhidi ya USM Alger, alifunga kule Algiers, akafunga tena hapa kwetu katika uwanja wa Kamalondo. Bao la pili la siku ile lilifungwa na Roger Assalé, mtu wa Côte d'Ivoire. Rainford Kalaba wa Zambia naye alikuwa ndani. Hakuna aliyeuliza hawa ni wa ukoo gani. Tulivimba koo kwa kupiga kelele. Basi itakuwaje tumshangilie mtoto wa Dar es Salaam, halafu mtoto aliyekimbia bunduki kule Mitwaba, anayelala nyuma ya nyumba yetu, tumwambie kwamba si wa hapa?

Mtasema: lakini huyo wa Mitwaba hana karatasi. Kweli, hili nimelisikia mara nyingi. Mtoto anafika shuleni, anajua mpira kuliko wote, lakini buletini zake zimeungua pamoja na nyumba. Anaambiwa hawezi kucheza kwa jina la shule mpaka karatasi zije. Karatasi zitoke wapi? Mimi nawaomba maprefe: andikisheni watoto hawa kwa ushuhuda wa wazazi na wa shefu wa kartie, na kabla ya msimu kuanza mpatane na shule nyingine, kwa maandishi, kwamba mtoto wa namna hiyo anaruhusiwa kucheza. Msingoje siku ya mechi. Siku ya mechi kila upande unatafuta sababu ya kushinda, na mtoto ndiye anayegeuzwa sababu.

Haya, turudi kwenye feza. Kiwanja kinataka nyavu, chokaa, mpira, na mahali pa watu kukaa kivulini. Kampuni haipo tena kama zamani. Nani atatoa?

Kule Marekani vyuo vikuu vina viwanja ambavyo hata mataifa mengi hayana. Chuo cha Michigan kina uwanja unaoingiza watu zaidi ya 107,000, ulifunguliwa mwaka 1927. Ninachopenda si ukubwa wake, ni namna ulivyolipwa. Chuo kiliuza kwa watu hati za deni, kila moja dola 500, na aliyenunua alipata haki ya kununua tiketi za mahali pazuri. Kwa maneno mengine, mashabiki walikopesha kiwanja chao wenyewe. Kitu ambacho mtu ametia jasho lake hakivunji kwa mawe.

Lakini msidhani kule kila kitu ni asali. Kwa miaka mingi viwanja vilijaa, televisheni zililipa, makocha wakatajirika, na vijana waliokuwa wakikimbia uwanjani walikatazwa kupokea chochote kwa ajili ya jina lao. Ni mwaka 2021 tu waliporuhusiwa kupata feza kwa majina na sura zao. Nawaomba wakubwa wa shule mlisikie hilo. Mtoto amecheza dakika 90 juani, wakubwa wamehesabu feza, halafu anarudi nyumbani kwa miguu na tumbo tupu. Sahani ya bukari na samaki kwa kila mchezaji, wa timu zote mbili, itoke kwanza katika feza ya mlangoni, kabla ya kitu kingine chochote. Na wakila chungu kimoja, ni vizuri zaidi.

Karibu nasi, huko Uganda, vyuo vikuu vina ligi yao tangu 2012. Timu hutembeleana, kila chuo kinapokea wenzake nyumbani, na kampuni inayouza soda ya Pepsi imekuwa mfadhili wao mkubwa. Wanafunzi wenyewe wanafanya kazi ya kuitangaza timu: nyimbo, rangi, mabango. Sisi tuna Chuo Kikuu cha Likasi, tuna shule nyingi za sekondari. Sioni kwa nini tusiweze, hata kwa kipimo chetu kidogo.

Basi nalileta wazo langu mlipime. Shule iuze kadi ya shabiki kwa msimu mzima. Bei iwe ndogo, ya kuwezekana kwa mwalimu na kwa mama wa sokoni. Mwenye kadi anapata nafasi kwenye benchi. Lakini familia iliyokimbia, ambayo haina hata ya unga, inunue kadi hiyohiyo kwa kazi. Siku mbili za salongo kiwanjani: kufyeka, kusawazisha udongo, kupanda miti ya kivuli. Kadi isiwe na rangi mbili. Asiwepo atakayejua nani ametoa feza na nani ametoa mikono. Nasisitiza hili kwa sababu nimeona misaada inavyogawa watu: wenye kadi ya msaada upande huu, wasio nayo upande ule, na chuki katikati. Wenyeji nao wafanye salongo, hata wale waliolipa. Mtu akishika jembe karibu na mtu mwingine toka asubuhi, mpaka saa sita atajua jina lake na majina ya watoto wake.

Juu ya feza ya mlangoni, sanduku liwe na kufuli mbili. Ufunguo mmoja kwa mzazi mwenyeji, mwingine kwa mzazi aliyekimbia. Lifunguliwe palepale mechi ikiisha, mbele ya watu, na hesabu iandikwe kwa chokaa kwenye ubao ulio nje ya shule: imeingia ngapi, imetoka ngapi, imebaki ngapi. Wasiojua kusoma wasomewe. Kuna prefe atakayesema kwamba hilo ni kumwona kama mwizi. Hapana, baba. Hilo ni kukulinda, maana siku uvumi ukianza kwamba feza ya kiwanja imekuliwa na watu wa kabila fulani, ubao ndio utakaokusemea.

Halafu kuna wafadhili. Mwenye duka akitaka jina lake liandikwe kwenye jezi, ni vizuri, apokelewe, na mapatano yaandikwe: ametoa nini, kwa msimu mmoja au miwili. Pombe na sigara zisikae kifuani mwa watoto, hilo halihitaji mkutano. Gumu ni mwanasiasa. Kila tunapokaribia uchaguzi, jezi zinashuka kama mvua, na sura ya mtu iko mgongoni. Watoto wanafurahi. Lakini kuanzia siku hiyo timu imekuwa ya chama, na mashabiki wa timu nyingine wanaonekana maadui wa mtu yule. Tumeona hata kwa timu kubwa. Moïse Katumbi aliishika Mazembe mwaka 1997, na hakuna anayekataa kazi aliyoifanya: uwanja wa Kamalondo wenye nafasi 18,500 mwaka 2011, makombe ya Afrika ya 2009, 2010 na 2015. Yeye alikuwa pia gavana wa Katanga toka 2007 hadi 2015. Sisemi vibaya. Nasema tu kwamba mwenye klabu akiwa mtu wa siasa, jezi ya mpira haiwezi kubaki jezi tu. Wengine wataivaa na wengine wataichukia kwa mambo yasiyohusu mpira. Klabu kubwa inaweza kubeba mzigo huo. Shule haiwezi. Mheshimiwa akileta jezi, tumshukuru kwa adabu, na tumwombe alete zisizo na sura wala rangi ya chama, tena azilete kwa shule zote mbili.

Neno lingine ni usalama, na hapa nasema na mashefu na polisi. Tarehe 14 mwezi wa tisa 2008, kule Butembo, mechi iligeuka ugomvi kwa sababu ya tuhuma za uchawi. Watu wakakimbia ovyo, zaidi ya kumi wakafa. Tarehe 11 mwezi wa tano 2014, katika uwanja uleule wa Tata Raphaël, Vita Club na Mazembe walikuwa wakicheza. Ghasia zikaanza, gesi ya machozi ikapigwa, watu wakasongamana kwenye milango. Watu wapatao 15 hawakurudi nyumbani. Walikwenda kutazama mpira! Kwa hiyo, hata kiwanja cha shule kiwe na milango miwili iliyo wazi mpaka mwisho. Msifunge mmoja ili mkamate wasiolipa. Na asiyelipa akipanda mti kutazama, mwacheni mtoto wa watu atazame.

Juu ya nyimbo, usitumwe polisi. Vijana hawaachi wimbo kwa kuogopa fimbo. Wanauimba kwa nguvu zaidi. Kila shule ichague wakubwa wawili wa mashabiki, mmoja awe kijana wa familia iliyokimbia. Siku moja kabla ya mechi wakubwa wa pande zote mbili wakutane, kila upande uimbe nyimbo zake mbele ya mwingine. Ule unaomtaja mtu kwa kabila, kwa kijiji, kwa ulemavu au kwa umaskini wake uondolewe, na badala yake utungwe mwingine. Kumchokoza kipa kwa kufungwa kati ya miguu, ruksa. Mpira bila kuchokozana hauna chumvi. Na wale waliotoka mbali wana ngoma na mitindo ambayo hapa mjini hatujaisikia. Wapeni ngoma wapige. Mtaona wenyewe jinsi vijana wa Kikula watakavyoiga kabla ya juma kuisha.

Wamama mliokimbia, nanyi msibaki nyuma kwa aibu. Siku ya mechi watu wananunua karanga, maji, mikate. Mkae mlangoni pamoja na wamama wa hapa, na shefu wa kartie aangalie mapema kwamba nafasi zimegawanywa sawa. Nimesema mapema, kwa sababu saa ya mechi ikishafika, mwenye sauti kubwa ndiye anayepata mahali.

Wasikilizaji wapendwa wa vikundi vya jioni, leo msizungumze mambo yote haya kwa pamoja. Anzeni na swali moja: katika shule iliyo karibu nanyi, feza ya mlangoni inashikwa na nani, na nani amewahi kuona hesabu yake? Jibu liandikwe, prefe mwenyewe apewe nafasi ya kusema, na shefu wa kartie awepo. Juma lijalo, saa ileile, tutasoma baadhi ya majibu hapa redioni, bila kutaja majina ya shule. Kwaherini.